Gari la Ofisi Lililohamia Nyumbani

Fungua boneti ya Land Cruiser ya zamani iliyotoka Japani, uangalie juu ya kava la taimingi belti au ubavuni karibu na bawaba. Mara nyingi utakuta stika ndogo iliyobanduka kona moja, ina maandishi ya Kijapani na tarakimu zilizojazwa kwa kalamu. Tuseme 9, 6, 14, na chini yake 98,400. Mnunuzi aliyekuja yadi na kitita chake anaona uchafu wa kufutwa kwa tambara. Sisi tuliotoa magari bandarini tunaona hati. Hiyo tisa ni mwaka wa tisa wa Heisei, enzi ya Mfalme Akihito iliyoanza 1989. Jumlisha 1988, unapata 1997. Kwa hiyo tarehe 14 Juni 1997 fundi mmoja huko Japani alibadilisha belti ya gari hili likiwa limeshatembea kilometa 98,400. Sasa ingia ndani usome dashibodi. Ikikuambia 76,000, mwombe dalali kiti, mkae, mzungumze bei upya.

Nilifanya kazi ya uwakala wa forodha Dar es Salaam kuanzia 1989 hadi nilipostaafu, na magari makubwa ya familia ndiyo yaliyonilipia ada za watoto. Land Cruiser, Prado, Pajero, Patrol, Trooper: yote nimeyapokea, yote nimeyajazia fomu. Vijana wakiliona shangingi wanasema ni gari la wenye fedha, na ukiwauliza lilianza lini kuwa la familia wanadhani lilizaliwa hivyo. Gari hili lilikuja kwetu likiwa mtumishi wa ofisi. Familia ililipokea uzeeni, kwa mtumba, na pamoja nalo ikapokea kazi zote ambazo ofisi ilikuwa ikizifanya kwa mafuta ya serikali. Gharama ya kazi hizo hakuna yadi inayokuandikia kwenye kioo cha mbele.

Baba yangu alikuwa dereva wa idara ya afya, Rombo, Kilimanjaro, miaka ya 60 na 70. Aliendesha Land Rover 109, ile ndefu. Namba hiyo ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi Aprili 1948, wakati chuma Uingereza kilikuwa bado cha mgawo baada ya vita, ndiyo maana bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Watu wa Rombo hayo hayakuwahusu. Walichojua ni kwamba bodi hailiwi na kutu, na kwamba viti vya nyuma vimepangwa ubavuni, abiria mnatazamana magoti kwa magoti hadi mfike. Gari hilo lilibeba chanjo, masanduku ya kura, mahindi ya msaada na wajawazito. Likisikika usiku likipandisha mlima kwa gia ya pili, mama alikuwa anageuka kitandani na kuuliza, "Leo zamu ya nani kujifungua?"

Lilikuwa na kitabu chake. Kila safari iliandikwa: tarehe, kutoka wapi, kwenda wapi, kwa sababu gani, kilometa za kuondoka na za kurudi, na sahihi ya aliyeidhinisha. Baba hakuruhusu mtoto akiguse. Bibi wa jirani na mikungu yake ya ndizi hakuandikwa, bila shaka, wala padri aliyekutwa njiani akitembea kwa miguu. Kwenye karatasi gari lilikuwa la wizara. Kijijini lilikuwa letu sote, na baba alikuwa mtunza funguo tu.

Toyota walikuwa nyuma ya Waingereza, lakini hawakuwa mbali. Gari lao la kwanza la aina hii, BJ, lilipandishwa Mlima Fuji hadi kituo cha sita mwaka 1951, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Muhimu zaidi kwa habari yangu ni mwaka 1967, walipotoa toleo la 55: gari refu lenye paa la chuma, milango minne ya abiria na viti vinavyotazama mbele. Hapo ndipo mtu alipoweza kulifikiria gari hili akiwa na mke na watoto, badala ya askari au wapima ardhi. Toleo la 60 likafuata mwaka 1980. Huku kwetu yote mawili yalikuja na wamisionari na miradi ya wafadhili, kisha serikali yenyewe. British Leyland, waliokuwa wakimiliki Land Rover, waliishiwa pumzi hadi serikali ya Uingereza ikalazimika kuwachukua mwaka 1975, na spea zikawa za kusubiriwa kama mvua. Baba alipokabidhiwa Toyota alinung'unika wiki nzima. Alisema ni gari lisilompa dereva nafasi ya kupumzika.

Mtu binafsi wa enzi hizo hakuwa na njia. Magari yaliagizwa na Shirika la Magari la Taifa, lile lililojulikana zaidi kwa kifupi chake cha Kiingereza, SMC, na fedha za kigeni zilitoka Benki Kuu kwa kibali. Viongozi walikuwa wamefungwa na miiko ya Azimio la Arusha la 1967. Kisha ikapanda bei ya mafuta, ikaja Vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na magari binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili mchana. Familia iliyokuwa na gari kubwa Moshi ungeweza kuitaja kwa jina: mkulima mkubwa wa kahawa, daktari, mfanyabiashara mmoja wawili. Sisi wengine tulilijua gari kwa kuomba lifti.

Mlango ulifunguliwa kwa bajeti ya 1984, iliyoruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akawa Rais, na jina la Mzee Ruksa halikumpata bure. Azimio la Zanzibar la 1991 likalegeza miiko ya viongozi. Mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa. Ukizipanga tarehe hizo unaliona gari la familia likija. Zile za mwisho niliziona mwenyewe kutoka dirisha la ofisini. Nilipoanza kazi, gari la mtumba lilikuwa tukio. Makarani walitoka nje kulitazama. Miaka mitano baadaye tulikuwa tunayapanga foleni.

Mwanzoni mengi yalipitia Dubai. Wafanyabiashara wa pale waliyanunua Japani kwa wingi, yenye usukani wa kulia yakaletwa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na mengine yakahamishiwa usukani kushoto kwa nchi zinazopita upande wa pili. Ninayo maoni yangu kuhusu gari lililohamishwa usukani na nitayaweka hivi: sijawahi kumshauri ndugu yangu alinunue. Mwaka 2000 Dubai ikafungua eneo maalumu la biashara hiyo Ras Al Khor, na mtu wa Kariakoo akawa anakwenda na kurudi kama anakwenda Tanga.

Lakini kwa nini Mjapani auze gari zuri namna hii? Swali hili niliulizwa na kila mteja, na wengi waliamini jibu lazima liwe ajali au kifo. Jibu la kawaida ni ukaguzi. Japani gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ada pamoja na matengenezo yanayodaiwa humfanya mwenye gari aone afadhali anunue jingine. Jibu la pili, kwa gari kubwa la dizeli, lina sura ya mtu. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari na chupa ya plastiki yenye masizi meusi, akaitikisa waone kile ambacho magari ya dizeli yanawavutisha wakazi wa jiji lake. Mwaka 2001 ikaja sheria ya taifa iliyozuia dizeli zisizofikia viwango zisiendelee kusajiliwa katika maeneo ya Tokyo, Osaka na Nagoya. Oktoba 2003 Tokyo ikayafungia mlango malori na mabasi ya namna hiyo. Mwenye Land Cruiser ya dizeli ya mwaka 1993, yenye rangi inayong'aa na zulia safi, akajikuta na gari asiloweza kulisajili nyumbani kwake. Likapelekwa mnadani, na kutoka mnadani likaja kwangu. Masizi ya Ishihara tuliyapokea sisi, tukayapandisha Pugu na Kimara. Nalisema hili bila kinyongo, maana na mimi nilinunua mojawapo, lakini anayehesabu waliolipia hewa safi ya Tokyo asitusahau.

Mnada wa Japani una karatasi yake, na hiyo ndiyo silaha ya mnunuzi kuliko picha zote anazotumiwa. Juu kuna alama ya jumla: 4.5 ni gari safi, 4 ni zuri, 3.5 lina makovu, na R au RA maana yake liliwahi kugongwa likatengenezwa. Chini kuna mchoro wa gari lililofunuliwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, na juu ya kila kipande wameandika herufi. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa rangi upya, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Gari lenye W nne ubavu mmoja lina habari ambayo muuzaji hataki kukusimulia. Gari lenye S chini ya sakafu limekaa kaskazini, kwenye theluji na chumvi ya barabarani, na huko chesisi inaliwa polepole huku bodi ikicheka. Wakati wetu karatasi hii ilikuwa adimu. Muuzaji aliificha nasi hatukujua kuiomba. Siku hizi kampuni za Japani kama Be Forward zinamuuzia mtu wa Sumbawanga moja kwa moja kwa simu yake, na asiyeomba karatasi ya mnada amejitakia.

Kushuka melini kulikuwa na vituko vyake. Magari yalifika na vitu vya wenyewe: miavuli, glavu nyeupe, ramani, mwanasesere chini ya kiti. Kwenye kioo cha kati mara nyingi kilining'inia kifuko cha kitambaa chenye nyuzi za dhahabu, hirizi ya hekaluni ya kumkinga dereva na ajali. Madereva wetu wa kutoa magari bandarini, wanaume wazima wasioogopa kupita barabara ya Mandela kwa kasi, walikataa kukigusa, wakaniita mimi nikitoe. Redio ilipokea masafa ya Japani, 76 hadi 90, kwa hiyo stesheni zilizo juu ya hapo hukuzipata mpaka fundi akuwekee kiongezi. Na magari ya miaka ya karibuni yanaongea. Ukiwasha, mwanamke anasema jambo kwa Kijapani, kwa adabu kubwa. Anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara haijawekwa. Mama mkwe wangu, kila alipopanda Prado ya shemeji, alimwitikia, "Marahaba."

Kuhusu kodi nitasema kifupi, maana ndiyo iliyokuwa kazi yangu na najua inavyochosha. Gari likifika kwa thamani ya dola 10,000, nauli na bima ndani yake, unalipa asilimia 25 ya ushuru wa forodha. Juu ya jumla hiyo inakuja asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sisi 2,000, na asilimia 30 ya uchakavu kama gari limezidi miaka kumi. Juu ya yote hayo, VAT ya asilimia 18. Nenda na kalamu: inakuja dola 10,650, kabla ya tozo ndogondogo. Umenunua gari moja, umelipa mawili. Wakenya wao walichagua njia nyingine, hawaruhusu kabisa gari lililozidi miaka minane, kwa hiyo ukisimama mpakani Tarakea au Holili ukatazama upande wa pili unaona Prado changa kuliko zetu, na wenye deni kubwa kuliko sisi. Mwaka 2009 serikali yao ilijaribu hata kuwavua mawaziri magari makubwa na kuwapa Volkswagen Passat. Baadhi ya waheshimiwa walisononeka hadharani, jambo ambalo sisi wa upande huu tulilifuatilia kwa furaha.

Basi mwaka 2003 tukanunua letu. Mume wangu, mwalimu wa hesabu, alitaka Corolla na alikuwa na jedwali la kunishinda. Mimi nilikuwa na watoto wanne, mama mkwe, na Desemba. Anayetoka Kilimanjaro anaelewa neno hilo la mwisho halihitaji maelezo. Wengine wanatutania kwamba tunarudi nyumbani kuhesabiwa. Tulichukua toleo la 80, VX ya mwaka 1994, dizeli yenye turbo, injini ya 1HD-T ya lita 4.2, viti vinane, rangi mbili, kijani juu na kijivu chini. Toleo hilo lilitoka kati ya 1990 na 1998, na kwa maoni yangu Toyota hawajatengeneza gari bora la familia kabla wala baada. Ekseli zote mbili ni ngumu, za kipande kimoja, lakini zimekaa juu ya springi za kujikunja badala ya zile bapa za toleo la 60, kwa hiyo halimrushi bibi kizee. Mia, lile lililofuata mwaka 1998, ni laini zaidi na linapendwa na wenye vyeo. Kwenye mfereji wa Rombo wakati wa masika ningekaa kwenye themanini.

Kabla halijapanda Chalinze nililipeleka Ilala kwa mzee mmoja aliyekuwa na mikono ya fundi na ulimi wa hakimu. Hakuwasha hata injini. Aliingia chini, akatoa oili, akashusha sampo, akafungua vifuniko vya koni rodi kimoja kimoja, akanipa beringi mkononi. Ni kipande cha chuma chembamba, nusu duara, kina ngozi ya kijivu ya kuteleza. Kwenye beringi mbili ngozi hiyo ilikuwa imekwisha, shaba inaonekana kama goti la suruali ya mwanafunzi. "Mama, injini hii ugonjwa wake ni huu mmoja," aliniambia. "Ukiukata sasa, utamwachia mjukuu." Alikuwa sahihi. 1HD-T za kabla ya 1995 zinajulikana kwa hilo, na seti ya beringi ni bei ndogo ukilinganisha na kranki. Kisha akatoa dashibodi anionyeshe kitu kingine. Dizeli hizi zina taa iliyoandikwa T-BELT, inayowaka kilometa zikifika 100,000 kukumbusha belti ibadilishwe. Kuizima unahamisha skrubu moja kutoka tundu moja kwenda tundu la jirani. Skrubu yetu ilikuwa imeshahamishwa, na kwenye kichwa chake kulikuwa na mikwaruzo ya bisibisi. Dashibodi ilisema 88,000. Tulicheka wote wawili, nikalipa, nikaondoka.

Kulimiliki ni kujua namba fulani kwa kichwa. Oili ni karibu lita kumi kila unapomwaga, na mwenye kuichelewesha atalipia kwa turbo. Tairi ni 275/70 R16. Muuza duka akisikia hivyo anavuta kiti. Tangi ni lita 95, na kwa mwendo wa mtu mzima linakupa kilometa nane kwa lita barabara kuu, kwa hiyo Dar hadi Moshi, kilometa kama 560, unafika bila kusimama kituoni. Mjini, kwenye foleni ya barabara ya Morogoro, usiulize. Wenye VX ya petroli ya lita 4.5 walikuwa wananiambia lao linatoa nne, wengine walinong'ona chini ya hapo.

Mafuta yenyewe yalikuwa na historia yake. Miaka ile vituo vingi vilichanganya dizeli na mafuta ya taa, kwa sababu ya taa yalikuwa na kodi ndogo. Tuliita kuchakachua. Wadhibiti wa nishati, EWURA, walianza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa hadi faida ya uchakachuaji ikaisha, ingawa aliyeumia zaidi alikuwa mama wa kijijini mwenye kibatari. Injini ya zamani ya 1HZ, isiyo na turbo, ilikunywa mchanganyiko ule ikakohoa na kuendelea. Prado za D4D, zenye pampu ya shinikizo kubwa na nozeli za kompyuta, zilikufa nao. Shemeji alibadilisha nozeli nne akauza kiwanja kidogo Kibaha. Prado za kabla yake, zenye 1KZ ya lita tatu, zilikuwa na lao: zikichemsha mara moja, silinda hedi inapasuka. Mtu akiniuliza leo Prado gani ya mtumba anunue, namwambia 120 ya petroli, lita 2.7. Haina nguvu kwenye mlima wa Lushoto na lori litakutangulia, lakini utalala usingizi.

Hayo yote ni gari. Sasa watu. Wiki ya pili tangu tulipofika nalo Rombo kwa mara ya kwanza, simu zilianza. Aliyepiga hakuuliza kama tunaazima. Aliuliza liko wapi. Mjomba ana mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya KCMC. Kanisa lina kipaimara na kreti za soda ziko Himo. Binti wa jirani anaolewa, na VX yenye maua ya kitambaa kwenye boneti ni heshima kwa ukoo wa bwana harusi, mafuta tutaongea baadaye. Hayo ya baadaye hayakuongelewa kamwe. Kulikuwa na kamati za mazishi zilizotupangia gari kwenye bajeti kabla hatujajua nani kafa.

Na gari lilikubali, hiyo ndiyo shida. Mlango wake wa nyuma umegawanyika: kioo kinapanda juu, sehemu ya chini inashuka na kuwa ubao imara. Viti vya safu ya tatu vinakunjwa ubavuni. Ukiviinua vyote na kukunja vya katikati, unapata sakafu tambarare, na ule ubao ukishushwa jeneza linakaa, miguu ikiwa nje kidogo, likafungwa kwa kamba. Tumemsafirisha baba mkubwa hivyo kutoka hospitali ya Muhimbili, usiku kucha, tukisimama Segera kunywa chai na Mombo kunyoosha miguu, wafiwa wawili wamebanwa ubavuni mwa jeneza wakisinzia. Siku tatu baadaye ubao uleule uliwekewa mitungi ya mbege na sahani za pilau ya matanga. Watoto wangu wamefanyia homuwaki pale, wameogeshewa pale.

Mwaka wa pili nikanunua daftari la kaunta buku. Nilichora mistari kama niliyoiona utotoni: tarehe, kutoka, kwenda, sababu, kilometa, mafuta ya nani. Mume wangu akafurahi kupata tarakimu. Akazijumlisha likizo moja akaniletea majibu: zaidi ya nusu ya mwendo wa gari letu haukuwa wetu. Alidhani nitashtuka. Nilimwambia idara ya afya ya wilaya haikuwahi kufikia kiwango hicho cha ufanisi. Tuliweka sharti kwamba anayelihitaji anajaza mafuta kwanza, na kwa miezi kadhaa sharti lilifanya kazi, mpaka alipofariki mtu asiyekuwa na wa kumjazia mafuta. Ungefanyaje? Zamani mtu wa namna hiyo alibebwa na gari la serikali. Sasa gari la serikali lilikuwa na namba zake, na mkuu wake, na vioo vyeusi, likipita kasi kwenda semina Arusha. Kazi ilibaki kijijini, ikatafuta gari jingine lenye viti vinane.

Kilichopunguza simu hizo hakikuwa sharti langu wala ukali wangu, ni lami. Barabara ya kutoka Marangu hadi Tarakea ilipowekwa lami, Noah za abiria zikaanza kupanda hadi milangoni, nauli ikawa ndogo, na mgonjwa wa usiku akapata bodaboda ya kumfikisha stendi. Gari la kupandia tope likakosa tope. Dar ndiyo kabisa: familia za umri wa watoto wangu zinanunua Alphard, viti vya kubembea, mlango unaofunguka wenyewe, chini karibu liguse ardhi. Kijana wangu wa kwanza alikuja na hoja zake mwaka juzi, na kikokotoo cha kodi cha TRA kwenye simu, kama baba yake na jedwali lake la Corolla. Alphard ya lita 2.4, petroli, namba E mpya kabisa, dhidi ya themanini ya mama yake yenye namba A. Sikubishana. Themanini nimeliuza kwa mtu wa Arusha anayebeba watalii, kwa bei iliyozidi niliyonunulia, jambo ambalo shilingi inalieleza nusu na gari nusu. Amelikata paa.

Kijana alipopeleka Alphard Rombo Desemba hiyo, wazee walilizunguka, wakasifu rangi, wakagusa ngozi ya viti. Hakuna aliyeuliza bei wala linakula kiasi gani. Shangazi yake, mwenyekiti wa kamati ya mazishi kwa miaka mingi, alifungua mlango wa nyuma, akachungulia, akauliza kama linaingia jeneza. Kijana alicheka, kisha akaona hachekewi. Futi ya fundi nguo ililetwa kutoka nyumba ya pili. Viti vya nyuma vikiinuliwa na vya katikati vikisogezwa mbele kabisa, linaingia, hata la mtu mrefu, na mlango unafunga.